Buenos Aires au Lima: uchague mji upi kwa wiki moja ya kutembea na kula bila haraka

Kuna msafiri anayetaka kukaa mji mmoja siku saba, alale hoteli ile ile, atembee kidogo, ale vizuri, apumzike, kesho aendelee. Kwa msafiri huyo, Amerika Kusini ina miji miwili inayogombea nafasi ya kwanza: Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, na Lima, mji mkuu wa Peru. Yote miwili inasifika kwa chakula, na yote inatosha wiki nzima bila kuchosha. Ila haifanani, na tofauti yake kubwa iko kwenye saa. Lima hula mchana, Buenos Aires hula usiku. Ukishalijua hilo, nusu ya uamuzi umeshaufanya, kwa sababu saa ya kula ndiyo inayopanga saa ya kuamka, ya kutembea na ya kulala.

Mezani Lima

Chakula cha Lima kinaanzia baharini. Mkondo baridi wa Humboldt unapita kando ya pwani ya Peru, na bahari hiyo ni miongoni mwa zenye samaki wengi zaidi duniani. Ndiyo maana mlo unaotangulia kutajwa hapo ni ceviche: samaki mbichi aliyekatwa vipande vidogo, akatiwa chumvi, pilipili kali na kitunguu chembamba, kisha akakamuliwa ndimu. Zamani aliachwa kwenye ndimu saa nyingi. Siku hizi dakika chache zinatosha: unatazama nyama ikigeuka nyeupe kuanzia pembeni, huku katikati ikibaki laini. Pembeni ya sahani huwekwa viazi vitamu vya kuchemsha ili kupoza ukali, pamoja na mahindi ya punje kubwa. Maji machachu yanayobaki chini yanaitwa leche de tigre, na wenyeji hawayaachi. Wengine huyaagiza peke yake kwenye glasi. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza ceviche kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Sasa sikiliza sharti lake. Ceviche ni chakula cha mchana. Migahawa mingi ya ceviche hufunga alasiri, saa kumi au kumi na moja, kwa imani ya siku nyingi kwamba samaki wa asubuhi asingoje giza. Kwa hiyo siku ya Lima inajipanga yenyewe: asubuhi unaona mji, saa saba unakaa mezani, saa tisa na nusu unainuka, kisha unatembea pwani hadi jua lizame. Asiyeweza kula samaki mbichi, na wajawazito wamo humo, aombe sudado, ambao ni mchuzi wa samaki wenye nyanya na pilipili, au jalea, samaki na ngisi wa kukaanga.

Jioni ikiingia, mwelekeo unageuka kwenye moto. Anticucho ni moyo wa ng'ombe uliokatwa vipande, ukalowekwa kwenye siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili nyekundu, ukatungwa kwenye kijiti na kuchomwa juu ya makaa. Aliyezoea mishkaki ya barabarani Mombasa au Dar es Salaam hatahitaji maelezo. Atahitaji tu kujua kwamba mchuzi wa kuchovea ni mkali. Lima inawahesabia chakula hiki Waafrika waliofanywa watumwa, waliokuwa wakiachiwa viungo ambavyo mabwana hawakuvitaka. Baada yake huja picarones: donge la unga, viazi vitamu na boga, linavutwa kwa vidole liwe pete, linaangukia kwenye mafuta, kisha linamwagiwa shira ya sukari guru.

Halafu kuna Wachina na Wajapani. Wachina walianza kuletwa Peru kufanya kazi za mashambani mwaka 1849, na kizazi chao kikaanzisha migahawa inayoitwa chifa, ambayo leo iko karibu kila mtaa. Lomo saltado, nyama ya ng'ombe iliyorushwa kwenye karai la moto pamoja na vitunguu, nyanya na sosi ya soya, kisha ikapakuliwa na chipsi na wali kwa pamoja, ni mtoto wa jiko hilo. Wajapani walifika mwaka 1899, na kutokana nao ukazaliwa upishi wa nikkei, unaochanganya jiko la Kijapani na la Kiperu. Mgahawa wa Maido, wa mpishi Mitsuharu Tsumura, ulishika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya migahawa 50 bora duniani mwaka 2025. Miaka miwili kabla, nafasi hiyo ilikuwa ya Central, mgahawa mwingine wa Lima. Hakuna mji mwingine wa Amerika Kusini uliowahi kutoa washindi wawili wa orodha hiyo.

Asiyekunywa pombe ana bahati Lima. Chicha morada, kinywaji cha mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na mdalasini, karafuu na maganda ya nanasi, kiko kila mahali, kuanzia mgahawa wa bei ya chini hadi ule wa meza nyeupe. Na mwenye bajeti ndogo aulize kila mchana neno moja tu, menú: ataletewa supu, chakula na kinywaji kwa bei moja ya chini.

Mezani Buenos Aires

Hapa mfalme ni nyama ya ng'ombe, na mahali pake ni parrilla, jina la wavu wa kuchomea na la mgahawa wenyewe. Inafaa kusimama karibu na mchomaji kabla hujakaa. Kuni au mkaa huwashwa pembeni, na mchomaji huvuta makaa mekundu kidogo kidogo kwa koleo na kuyatandaza chini ya wavu, akiyaongeza hapa na kuyapunguza pale. Moto haurukii nyama. Kiungo ni chumvi. Mipande mikubwa kama vacío, nyama ya ubavuni, hukaa juu ya wavu kwa muda mrefu mpaka mafuta yake ya juu yawe magumu na ndani ibaki na maji.

Mambo machache ya kukusaidia kuagiza. Bife de chorizo si soseji. Ni steki nene, na moja mara nyingi inatosha watu wawili. Chorizo peke yake ndiyo soseji, na kwa kawaida ina nguruwe. Morcilla ina damu. Utumbo mwembamba uliokaushwa motoni, chinchulines, ni wa kutangulia, na mpenzi wa utumbo asiupite. Ukitaka nyama iliyoiva kabisa, kama wengi wetu tunavyoitaka, sema bien cocido. Usiposema, itakuja na wekundu ndani. Kwa Mwislamu anayeshika sharti la kuchinja, parrilla za kawaida hazimfai, wakati Lima samaki humwondolea tatizo hilo karibu kila siku. Hata hivyo Buenos Aires ina kitu ambacho ni nadra bara hilo: mtaa wa Palermo una msikiti mkubwa wa Kituo cha Kiislamu cha Mfalme Fahd, uliofunguliwa mwaka 2000.

Saa ya chakula cha usiku ni saa tatu na kuendelea. Saa moja utakuta viti vimepinduliwa juu ya meza. Saa nne utakuta watoto wadogo wamekaa na babu zao wakisubiri nyama. Kinachowashikilia watu katikati ni merienda, kahawa ya saa kumi na moja jioni pamoja na medialunas, maandazi madogo ya mwezi mchanga yaliyopakwa shira. Na hapa Buenos Aires inaishinda Lima bila mabishano. Mikahawa yake ya zamani, yenye mbao nyeusi na vioo virefu, inalindwa na serikali ya mji. Ulio maarufu kuliko yote ni Café Tortoni, uliopo tangu mwaka 1858, ila foleni yake ya watalii hufika barabarani; ingia wowote mwingine kwenye kona ya mtaa unaokaa. Kikombe kimoja kinakupa haki ya meza kwa saa mbili, na mhudumu haleti bili mpaka umwite. Kwa mtu aliyekuja kupumzika, sijui zawadi kubwa kuliko hiyo.

Wahamiaji wa Kiitalia waliacha pizza nene yenye jibini inayomwagika, inayoliwa pamoja na fainá, mkate bapa wa unga wa dengu unaowekwa juu ya kipande cha pizza na kuumwa kwa pamoja. Güerrín, kwenye barabara ya Corrientes, inaiuza tangu mwaka 1932, na wenye haraka huila wamesimama kaunta. Ukiwa mjini tarehe 29 ya mwezi, kula ñoquis, vidonge vya viazi na unga, maana ndiyo siku yake, na wengine huweka noti chini ya sahani kuita riziki.

Nikiulizwa meza ipi ni pana, jibu langu ni Lima. Kufikia siku ya nne Buenos Aires, nyama, pizza na pasta huanza kuzunguka na kurudi. Lima siku ya saba bado unakutana na kitu ambacho hujawahi kukionja.

Miguu na barabara

Kwa kutembea mizani inaelemea upande wa pili, tena kwa uzito. Buenos Aires ni tambarare, mitaa yake imenyooka, na vivutio vinafuatana. Unaweza kuanzia Plaza de Mayo, mbele ya ikulu ya rangi ya waridi, ukafuata Avenida de Mayo hadi bungeni chini ya miti, na ukichoka unateremka kwenye treni ya chini ya ardhi. Njia hiyo, Línea A, ilifunguliwa mwaka 1913 na ndiyo ya kwanza Amerika ya Kilatini. Siku nyingine ni ya Teatro Colón, jumba la opera la mwaka 1908 lenye ziara za kuongozwa, na baadaye duka la vitabu la El Ateneo Grand Splendid, lililomo ndani ya jumba la michezo ya kuigiza la mwaka 1919: rafu zimejaa kwenye roshani za watazamaji, na jukwaani watu wanakunywa kahawa. Makaburi ya Recoleta, yaliyofunguliwa mwaka 1822, ni mji kamili wa nyumba za marehemu wenye vichochoro vyake, na humo amelala Eva Perón, mke wa Rais Juan Perón.

Ukipata Alhamisi, uwe Plaza de Mayo saa tisa na nusu alasiri. Akina Mama wa Plaza de Mayo walianza kuzunguka uwanja huo mwaka 1977, wakidai watoto wao waliotekwa na utawala wa kijeshi, wamejifunga vitambaa vyeupe kichwani. Mzunguko huo unaendelea. Simama, uvue kofia, utembee nao ukitaka.

Jumapili ni ya San Telmo. Mtaa wa Defensa hufungwa kwa magari na kujaa wauzaji wa vitu vya kale, vinanda na wacheza tango. San Telmo ulikuwa mtaa wa matajiri mpaka homa ya manjano ilipoupiga mji mwaka 1871. Wenye uwezo wakakimbilia kaskazini, na majumba yao yakagawanywa vyumba vya wahamiaji. Ndiyo sababu leo Recoleta ina marumaru na San Telmo ina plasta inayobanduka, na ndiyo sababu mimi ningelala San Telmo au Palermo, si Recoleta.

Lima haitembeleki hivyo. Mji wa kale uko ndani, Miraflores na Barranco ziko juu ya magenge ya bahari, makumbusho bora iko Pueblo Libre, na katikati yake kuna msongamano wa magari unaoweza kula saa nzima. Mabasi ya mwendokasi ya Metropolitano yanaunganisha Barranco, Miraflores na katikati ya mji, nayo ni msaada mkubwa. Kwingineko ni teksi ya kuitwa kwa simu. Namna sahihi ya kuifaidi Lima ni kukaa Miraflores au Barranco na kwenda mbali mara moja tu kwa siku. Njia ya miguu ya Malecón, inayopita juu ya magenge kutoka bustani hadi bustani huku Pasifiki ikivuma chini, inatosha kila jioni.

Lakini kwa mambo ya kale, Buenos Aires haina la kujibu. Katikati ya Miraflores, kati ya maghorofa, kuna Huaca Pucllana, piramidi ya matofali ya udongo iliyojengwa na watu wa utamaduni wa Lima zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Wahispania kufika. Ukiinama karibu na ukuta utaona matofali hayakulazwa. Yamesimamishwa wima, na kati yake pameachwa nafasi ili ukuta uweze kutikisika bila kupasuka ardhi inapotetemeka. Bado umesimama. Pueblo Libre kuna Museo Larco, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambayo imefungua hata ghala lake: unapita kati ya rafu za vyungu kwa maelfu, nyuso za watu, ndege, wagonjwa, wafalme, kila kimoja kimefinyangwa na mkono wa mtu. Mpe Larco asubuhi nzima, kisha kula kwenye bustani yake yenye maua. Mji wa kale wenyewe, uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia, una nyumba ya watawa ya San Francisco na mapango ya mifupa chini ya sakafu. Asubuhi moja inatosha.

Alama za Afrika

Hili wengi hawaliulizi, nami naona lingekuwa la kwanza kwa msomaji wa kwetu. Sensa ya mwaka 1778 iliwakuta watu weusi na machotara kuwa karibu asilimia 30 ya wakazi wa Buenos Aires. Wengi walitoka Angola na Kongo, na wengine walisafirishwa kutoka Msumbiji, pwani ya Bahari ya Hindi. San Telmo na Monserrat zilikuwa mitaa ya ngoma zao, na ngoma hizo zimo kwenye mizizi ya tango. Leo athari hiyo unaitafuta, haikujii. Toa tu noti ya peso 10,000 mfukoni: mwanamke aliye pamoja na Jenerali Belgrano, kiongozi wa vita vya uhuru, ni María Remedios del Valle, mwanamke mweusi aliyepigana vita hivyo.

Lima athari hiyo ni hai, iko barabarani. Mwezi Oktoba mji hugeuka zambarau kwa maandamano ya Señor de los Milagros, yanayobeba nakala ya mchoro wa Yesu msalabani ambao kwa mapokeo ya mji ulichorwa ukutani na mtumwa kutoka Angola mwaka 1651, na ukuta huo ukabaki tetemeko lilipoangusha majengo. Mtakatifu Martín de Porres, mwana wa mwanamke mweusi aliyeachwa huru, amezikwa kwenye nyumba ya watawa ya Santo Domingo. Na usiku wa Ijumaa au Jumamosi, kwenye peña za Barranco, yaani kumbi za muziki wa kienyeji, utamsikia mpigaji aliyekalia sanduku la mbao akilipiga kwa viganja: hilo ni cajón, ngoma ya Waafrika wa Peru.

Usiku wa Buenos Aires ni milonga, ukumbi wa watu wa kawaida kucheza tango. Maonyesho ya tango yenye chakula ni ghali na yana uzuri wake, lakini milonga ndiyo penyewe. Hakuna anayevuka ukumbi kumwomba mtu. Mwanamume hutazama, mwanamke akikubali huinamisha kichwa kidogo, nao hukutana katikati. Nyimbo tatu au nne hufuatana, muziki mwingine mfupi hupita, kila mtu hurudi kitini. Kumbi kama Salón Canning huchangamka karibu na saa sita, na nyingi hutoa somo la mwanzo kabla. Kukaa pembeni na kutazama kunaruhusiwa kabisa.

Majira, fedha, usalama

Lima haina mvua ya maana, lakini kuanzia Juni hadi Oktoba mbingu hufunikwa na wingu zito la kijivu na manyunyu mepesi. Jua lake ni la Desemba hadi Aprili. Buenos Aires huwa na joto la kuchosha Januari. Miezi yake mizuri ni Machi, Aprili, na hasa Novemba, mijakaranda inapochanua barabarani. Aliyeiona Nairobi ikiwa zambarau ataijua miti hiyo: asili yake ni Argentina ya kaskazini na nchi jirani.

Sol ya Peru imetulia. Peso ya Argentina haitabiriki. Mwaka 2023 mfumuko wa bei ulipita asilimia 200, kwa hiyo bei yoyote unayoambiwa ihakiki wiki ya kusafiri. Simu za mkononi huporwa kwenye miji yote miwili. La Boca, mtaa wa Buenos Aires, nenda mchana na usitoke nje ya mitaa ya Caminito. Lima inataka uangalifu zaidi, kwani mwaka 2025 serikali ilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya uhalifu. Usiku usitembee kwa miguu nje ya Miraflores na Barranco. Kwa usafiri, Buenos Aires ni rahisi zaidi kutoka kwetu, kwa ndege ya Addis Ababa inayopitia São Paulo. Lima karibu lazima uunganishe Ulaya au Brazili.

Nani aende wapi

Nenda Lima ukiwa unapenda samaki, unalala mapema, huli nyama isiyochinjwa kwa sharti, au unapenda historia inayoanza kabla ya meli za Wahispania. Nenda Buenos Aires ukipenda kutembea mitaani bila mpango, vitabu, muziki na kukaa mkahawani. Pia ukisafiri na mzazi asiyeweza ngazi na vilima, ila yeye mpangie mlo mkubwa mchana, kwa sababu hatavumilia kusubiri saa nne. Mimi, kwa wiki moja tu na nikiwa na mtu wa kula naye, ningechagua Lima. Nikiwa peke yangu ningechagua Buenos Aires, mji ambao mtu mmoja mezani na gazeti hashangazi yeyote.

Usijaribu yote miwili ndani ya siku saba. Kati yake kuna saa nne hadi tano angani, na siku mbili zitaishia viwanjani. Usiongeze Cusco na Machu Picchu kwenye wiki hii pia: Cusco iko mita 3,400 juu ya bahari, na mwili hudai siku za kuzoea. Kutoka Buenos Aires unaweza kuchukua siku moja ya feri hadi Colonia del Sacramento nchini Uruguay, zaidi kidogo ya saa moja majini, au treni ya kutoka stesheni ya Retiro hadi visiwa vya Tigre. Kutoka Lima, nusu siku ya Pachacamac, magofu ya mahekalu ya kale, inatosha.

Panga tarehe ili Jumapili ya Buenos Aires isiwe siku ya kufika wala ya kuondoka, maana soko la San Telmo halirudiwi katikati ya wiki. Lima, ubaki na Ijumaa au Jumamosi moja kwa ajili ya peña. Na kama moyo wako uko kwenye Maido, Central, au parrilla ya Don Julio ya Palermo, weka nafasi ya meza kwanza, miezi kadhaa kabla, ndipo ununue tiketi ya ndege.